Harusi Niliyoisubiri Nje

Tulimzika Linda mwezi uliopita, na baada ya maziko tukaenda kwenye ukumbi mdogo hapa Saint Paul, Marekani, tukala supu, kwa sababu Linda aliamini hakuna jambo la binadamu lisilohitaji supu. Nilikuwa nimesimama karibu na meza ya mikate nikijaribu kutolia mbele za watu, akaja binti mmoja nisiyemjua. Alikuwa ameacha kanisa la Wamormoni majira ya baridi yaliyopita, na mtu alikuwa amemwambia kwamba mimi nilitoka zamani. Akaniuliza, sahani mkononi: "Ilikuchukua muda gani kuacha kuogopa?" Nikamwambia miezi michache, nikampigapiga begani, nikaenda kuosha vikombe. Nilimdanganya mtoto wa watu. Nimekaribia miaka hamsini sasa, na bado nikisikia hodi Jumapili mchana nachungulia dirishani kabla ya kufungua. Binti yule alistahili jibu refu kuliko lile, na kwa kuwa sikumpa, naliandika hapa.

Mwaka nilioacha kuamini nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nikiishi na mdogo wangu Anjela katika fleti ya kupanga huko Oakdale, mwendo wa dakika nane kwa gari kutoka hekaluni. Jinsi wasichana wawili wa Iringa walivyokuja kuwa Wamormoni ni hadithi ya siku nyingine. Itoshe kusema tulikuwa, tena wa kweli, si wa kuhesabiwa tu. Imani yangu haikuvunjwa na mtu, na napenda hilo lieleweke, maana watu hukimbilia kuuliza nani alikuudhi. Jumamosi moja ya Januari ilikuwa zamu yetu kusafisha jengo la ibada, kwa sababu kule waumini husafisha wenyewe kwa orodha. Anjela alifuta vioo, mimi nikapewa mashine ya kufyonza vumbi. Nilipofika mbele karibu na mimbari nikaizima ili nisali kidogo, kama nilivyozoea nikiwa peke yangu pale. Nikafumba macho. Maneno yakaja yote, kwa mpangilio wake, na nikajisikia nazungumza na zulia. Nikasubiri kidogo, kisha nikawasha mashine. Nilijiambia ni uchovu wa kazi, lakini wiki iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata tena, na kufikia Februari nilijua kwamba imani imeisha kama sabuni inavyoisha, jana uliishika na leo huioni.

Mungu sikumwogopa sana. Niliwaogopa watu, tena kwa sababu ya wema wao. Nilipotoka alfajiri kwenda kazini nilikuta theluji imeshaondolewa kwenye kioo cha gari langu, na sikuwahi kujua ni mkono wa nani. Nilipougua mafua, vyakula vililetwa siku nne mfululizo, mabakuli ya viazi vya jibini vilivyofunikwa kwa kornfleksi iliyopondwa, na kila bakuli limebandikwa jina la mwenyewe kwa utepe chini yake. Waliniita Dada, hata mabibi wenye umri wa nyanya yangu, nami niliitika. Usiku mmoja nilipitia majina yote kwenye simu yangu nikijiuliza: gari likiteleza likaingia mtaroni, nitampigia nani? Ukiondoa watu wa kazini, wote walikuwa wa kanisani. Leo nikiwaza naona nilikuwa kama mtu anayetaka kuhama nyumba huku nyumba yenyewe ndiyo imemshika mkono. Wakati ule nilichojua ni kwamba sikulala vizuri, na nywele zilianza kunyonyoka.

Mwezi huohuo Anjela akaingia jikoni na pete. Mchumba wake alikuwa Brandon, kijana mrefu wa Woodbury, mpole, ambaye alikuwa amejifunza "shikamoo" na kumwamkia nayo kila Mwafrika, hata watoto wa chekechea. Harusi ingekuwa wiki ya tatu ya Mei, hekaluni. Kwa asiyejua: hekaluni haingii kila mtu. Unahitaji kibali, kikaratasi kidogo kinachokaa kwenye pochi kama leseni, na unakipata baada ya kuhojiwa na askofu kuhusu imani yako na mwenendo wako. Asiyekuwa nacho hukaa nje ndoa ikifungwa, awe mama, awe baba, awe nani. Kibali changu kilikuwa kinaisha mwisho wa Mei. Nilikitoa nikakisoma mara tatu chooni, mlango nimeufunga. Siku kama kumi hivi zingebaki. Nitaingia na kibali nilichopewa nikiwa naamini, nikajiambia, kwa hiyo simdanganyi mtu.

Kisha mama akapiga simu kutoka Iringa. Mama hakuwa wa kanisa letu na habari za vibali hakuzijua. Kwake harusi ni harusi, unavaa, unakwenda. Alikuwa amenyimwa viza. "Basi wewe ndiye mimi huko," alisema. "Usimame mahali pangu, Tabitha. Umwone akifunga kwa macho yako, halafu uje unieleze kila kitu, usiache hata kimoja." Nikasema ndiyo, Mama. Nilisema haraka mno, na yeye akaniuliza kama nina mafua.

Mwezi Machi tarehe ikasogezwa. Mdogo wake Brandon alikuwa misioni nchi ya mbali, angerudi mwanzoni mwa Julai, na mama mkwe aliomba kwa upole kwamba wamsubiri. Anjela alinieleza akisonga ugali, mgongo amenipa. "Ni wiki saba tu, Dada. You don't mind, right?" Nikasema haina shida kabisa, nikaendelea kukata mchicha hadi nikajikata kidole.

Nilifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee huko Coon Rapids, na mpishi wetu wa asubuhi alikuwa mama wa Mombasa, Mama Zuhura. Kila saa nne alichemsha sufuria dogo la chai ya maziwa kwa ajili ya sisi Waafrika, iliki ikinukia hadi kwenye korido. Wamormoni hawanywi chai. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikimwambia "asante, nimeshiba," kwa sababu niliona aibu kueleza, na kwa miaka mitatu aliendelea kunikaribisha, kila mwaka uso wake ukikunjamana kidogo zaidi. Siku chache baada ya harusi kusogezwa niliingia jikoni kichwa kimejaa, akanipa kikombe, nikakipokea bila kujua nimekipokea. Nilikuwa nimekunywa nusu nilipoona amesimama na mwiko, ananitazama.

"Alhamdulillahi," akasema. "Miaka mitatu! Miaka mitatu nikidhani waniona mchafu."

"Hapana, Mama! Ilikuwa dini."

"Dini gani hiyo yakataza chai?"

Mlangoni mtu akacheka taratibu. Alikuwa Linda, mwanamke wa miaka sitini na kidogo, ambaye alikuja kila siku kumlisha mama yake katika chumba cha mwisho. Mama huyo alikuwa Mmormoni wa siku nyingi, picha ya hekalu ilining'inia juu ya kitanda chake, nami siku zote nilidhani binti naye ni mwenzetu. Linda alitazama kikombe, akanitazama mimi, akaniuliza kwa Kiingereza, polepole, "Tangu lini?"

"Januari," nikasema. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulitamka mbele ya mtu. Nilipeleka kikombe mdomoni bila kuangalia, chai ikamwagikia sare yangu.

"Mimi mwaka wa kumi na tisa huu," akasema. "Jumamosi njoo nyumbani kwangu. Kutakuwa na supu."

Mama Zuhura alikuwa ameshachukua kitambaa, ananifuta kifuani kwa nguvu. "Huyu mzungu amekufanya nini?" akaniuliza. "Amekufanya nini, mwanangu, niambie."

Nilizunguka mtaa wa Linda mara nne kabla ya kuegesha gari, tena niliegesha mtaa wa pili, nikiogopa mtu wa kanisani asilione. Sebuleni kulikuwa na watu kumi na mmoja, viti vya kila aina, wote wametoka kama mimi. Nilikaa karibu na mlango, funguo nimezishika. Nilitarajia matusi na hasira, na hasira kidogo ilikuwepo: mwanamume mmoja aliongea juu ya baba yake hadi sauti ikakauka. Lakini kilichonishangaza kilikuwa kwenye mlango wa friji. Palikuwa na orodha, jina la mtu na chakula atakacholeta, Jumamosi hadi Jumamosi, miezi mitatu mbele. Na mezani, naapa, vilikuwepo viazi vya jibini na kornfleksi juu, na jina la mwenye bakuli limebandikwa chini kwa utepe. Walikuwa wameacha kanisa lakini orodha hawakuiacha. Jikoni nilimsikia mtu anaosha sahani huku akiimba puani wimbo wa ibada, mwenzake akamwambia, "Unaimba tena," naye akajibu, "Sina nyimbo nyingine." Nilicheka, na nilipocheka ndipo nikajua nimekaa miezi miwili bila kucheka.

Niliuliza swali moja tu siku ile. Niliuliza, ndugu yako akifunga ndoa hekaluni, wewe unakaa wapi? Linda akaweka kijiko chini. Alikuwa na watoto watatu, na wote watatu walioa na kuolewa mle ndani wakati yeye yuko nje.

"Kuna chumba cha kusubiri, wanakukaribisha vizuri," alisema, "ila saa ya ukutani ina kelele. Mimi napenda benchi la upande wa mashariki. Lina kivuli cha miti mpaka saa tano hivi. Vaa kofia. Usivae viatu virefu, asubuhi wanamwagilia nyasi. Na usikae ndani ya gari, kwa sababu ndani ya gari utalia, halafu watatoka wakuone umelia." Aliyasema haya yote kama mtu anayekuelekeza soko lilipo. Kisha akaongeza kwamba haniambii nifanye nini. "Ukiingia nitafurahi. Ukikaa nje nitakuja."

Mwezi Mei, siku chache kabla ya kibali changu kuisha, nilimweleza Anjela. Alikuwa anapiga pasi. Aliendelea kupiga pasi gauni moja mpaka nikaogopa litaungua. Hakulia wala hakugomba. Alisema, "Usimwambie mtu. Nenda kwa askofu, akikuuliza sema ndiyo, uingie na mimi. Baada ya hapo uache ukitaka. Ni neno moja, Dada. Just one word." Nikakubali. Nataka niwe mkweli hapa: nilikubali kwa moyo wote. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini mimi sikutaka kuzaa chochote, nilitaka kuwa chumbani na mdogo wangu.

Askofu wetu alikuwa mtu mnyenyekevu mwenye mikono mikubwa, ambaye siku za kazi alitengeneza meno ya watu. Ofisi ilikuwa na sanduku la karatasi laini mezani, na nilikaa nikilitazama hilo. Akaniuliza la kwanza, kama namwamini Mungu. Nikasema ndiyo. La pili, ndiyo. La tatu, ndiyo. Nilianza kufikiri kumbe ni rahisi. Halafu akafika kwenye swali nililokuwa nimelisahau kabisa, na sijui nililisahauje, kwa kuwa nilikuwa nimeshaulizwa mara nyingi: kama mimi ni mwaminifu katika mambo yangu. Alinisubiri. Nilisikia watoto wanakimbia kwenye korido. Ningeweza kudanganya juu ya Mungu, ambaye sikujua kama yupo, lakini kumwambia mtu yule aliyekaa mbele yangu kwamba simdanganyi, hapo ndipo niliposhindwa. "Hapana," nikasema. "Hata hayo matatu ya mwanzo, hapana." Aliweka kalamu chini. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko yangu. Alisema mlango uko wazi siku yoyote nikitaka, akanisukumia lile sanduku.

Anjela alikuwa ananisubiri kwenye gari. Aliniangalia mara moja tu akajua. "Neno moja," akasema. "Nimekuomba neno moja, Dada." Kesho yake alihamisha nguo zake kwa wakwe zake Woodbury, akisema ni kwa ajili ya maandalizi, na kwa wiki tano hakunipa hata salamu. Kadi ya mwaliko ilikuja kwa posta, mwandiko si wake. Niliisoma kama nilivyokisoma kibali, chooni.

Zile wiki tano sizisimulii vizuri mpaka leo. Nilikuwa nikiendesha gari barabara kuu naishika simu kuhakikisha haijaita. Mama alipopiga kuuliza maandalizi yanaendaje nilimwambia yanaenda vizuri, Anjela ana afya, ndiyo, nitasimama mahali pako. Askofu nilishindwa kumdanganya. Mama yangu nilimdanganya kwa sauti tamu. Niliona nimekosa kote kote. Jumapili, saa ambazo zamani nilikuwa ibadani, Mama Zuhura alinilazimisha nije kwake Coon Rapids nimsaidie kukata vitunguu, na mimi kwa kuzoea nikamuuliza nije lini tena, orodha iko wapi. "Orodha ya nini?" akasema. "Ukiwa na njaa waja. Ukiwa huna njaa waja pia." Nilimwuliza, kwa woga, kama anataka niwe Mwislamu. Alinitazama kana kwamba nimemtukana mapishi. "Kata vitunguu," akasema. Siku nilipomweleza habari ya harusi alisikiliza yote, kisha akauliza kitu kimoja: ni saa ngapi, ili abadilishane shifti.

Siku yenyewe tulikuwa watatu kwenye benchi la upande wa mashariki. Linda alikuwa na kofia mbili, moja yangu. Mama Zuhura alikuja na gauni lake la kuendea harusini na leso mpya, ananukia udi, visheti kwenye kopo. Nyasi zilikuwa na maji kweli. Kundi la Brandon liliingia, wengi walinisalimia, mama mkwe wa Anjela alinikumbatia na kunishika mikono kwa muda mrefu, akaingia, mlango ukafungwa. Nilikuwa na hofu moja iliyomeza nyingine zote: kwamba Anjela atatoka na hatanitazama. Kwamba itakuwa hivyo siku ile na siku zote. Saa tano kasoro simu ikatetemeka mkobani. Mama. Sikupokea. Ikatetemeka tena. Linda aliweka kiganja chake juu ya mkoba.

Walipotoka walipigiwa makofi ya adabu. Anjela alikuwa amevaa nyeupe, anatabasamu lile tabasamu lake la picha, na macho yake yalikuwa kwa mpiga picha. Wakapangwa kwenye ngazi, familia ya Brandon mstari mrefu upande mmoja. Mpiga picha akaonyesha upande wa pili kwa mkono, akauliza, "Familia ya bibi harusi?" Mtu mmoja akamjibu kwa sauti ya chini kwamba hayupo mtu. Nilisikia.

"Nani asiyekuwepo?" akauliza Mama Zuhura. Akasimama, akavuta pumzi, akapiga kigelegele. Kilikuwa kirefu, kikapanda, kikazunguka bustani yote ile iliyopangwa vizuri, na watu wote wakageuka. Nilimshika mkono. "Mama, hapa hawapigi!"

"Ndani hawapigi," akasema. "Hapa ni nje." Akapiga cha pili.

Anjela alikuwa amegeuza kichwa. Tabasamu la picha lilikuwa limetoweka. Akakusanya gauni kwa mikono miwili, akashuka ngazi, akaja kwetu akikatiza nyasi, visigino vikizama kila hatua, Brandon amebaki na shada la maua. Akasimama mbele yangu.

"Upande wangu hapakuwa na mtu wetu," akasema kwa Kiswahili. "Viti vilikuwa vimejaa watu wa kanisani na sikuona mtu wetu hata mmoja. Nilikuwa natazama viti tu."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Sijakusamehe." Alisema bila hasira, kama anayetoa taarifa. Akavuta kamasi, akaangalia mkoba wangu uliokuwa unatetemeka kwa mara ya nne. "Ni Mama?"

"Ndiye. Nimeshindwa kupokea."

Akanyoosha mkono. Nikampa simu. Sauti ya mama ilitoka kwa nguvu hata Linda akaisikia, inauliza mko wapi, mbona hampokei, wamefunga, wamefunga? Anjela akaniambia ninyanyuke, nikanyanyuka, akanishika mkono, akaiweka simu katikati yetu.

"Nimeolewa, Mama," akasema. "Dada yuko hapa, amesimama mahali pako."

Mama akalia kidogo, akamshukuru Mungu, halafu akauliza kile nilichojua atauliza: je, Tabitha aliona? Alimwona akifunga kwa macho yake? Nikafungua kinywa. Anjela akaniminya vidole hadi vikauma, akanitazama usoni moja kwa moja.

"Ameona, Mama," akasema. "Alikuwa karibu yangu. Ameona kila kitu."

Hazikuwa zimepita hata dakika kumi tangu atoke hekaluni, anakoingia tu aliyejibu ndiyo lile swali la uaminifu.